Kabla ya Kubeba Begi Kwenda Msange

Nafasi za JKT zikitangazwa, huku Kanyenye, Tabora, habari hufika kabla ya gazeti. Steshenari hujaa tangu asubuhi. Vijana wanapanga foleni na bahasha za kaki mkononi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba ya NIDA, picha ndogo mbili tatu, na barua ya mtendaji wa mtaa yenye muhuri ambao wino wake haujakauka sawasawa. Katika foleni kama hiyo nilimwuliza kijana mmoja kwa nini anataka jeshi. Kabla hajafungua mdomo, mama yake aliyekuwa amemshikia bahasha akanijibu: "Sasa baba, akae hapa afanye nini?"

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwashauri vijana wa mkoa huu juu ya masomo na ajira, na jibu la mama yule nimelisikia kwa sauti nyingi. Ni jibu la kweli. Lakini halihusu jeshi. Linahusu Kanyenye: nyumba yenye vijana watatu waliomaliza shule, bodaboda moja ya kupokezana, msimu wa tumbaku kwa mjomba Urambo ambao ukiisha hela nayo imeisha. Mtu anayeingia jeshini kwa sababu hana pa kukaa anaamua jambo kubwa kwa kutazama anakotoka tu, hajatazama anakokwenda. Katika safu ya leo nataka tutazame huko anakokwenda, tena kwa masharti yake.

Tuanze na jambo ambalo familia nyingi hulichanganya. JKT na JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, hayana lango moja. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 kuwakusanya vijana, kuwafundisha nidhamu, uzalendo na kazi za mikono. Linawachukua kwa njia mbili. Kuna wa mujibu wa sheria, wahitimu wa kidato cha sita, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Hao hukaa muda mfupi kisha huendelea na safari yao ya chuo. Na kuna wa kujitolea, ambao ndio wanaojaza steshenari zetu. Hao huomba kupitia wilaya na mkoa, husailiwa, kisha huingia mkataba wa miaka miwili. Kijana anaweza kupangiwa hapa hapa mkoani, kambi ya Msange, 823 KJ, au akapakiwa basi hadi Ruvu, Bulombora au Mafinga.

Baada ya miaka hiyo miwili ndipo linapokuja lango la pili. Vyombo vya ulinzi na usalama, yaani JWTZ, Polisi, Magereza, Uhamiaji, Zimamoto na vinginevyo, huja kuchagua miongoni mwa vijana waliopita JKT. Huchagua kulingana na nafasi walizo nazo mwaka huo. Wanaochaguliwa kwenda JWTZ huanza upya kama kuruta katika shule ya mafunzo ya awali, na wachache wenye sifa huweza baadaye kupelekwa Monduli kusomea uofisa. Wasiochaguliwa hurudi nyumbani. JKT yenyewe imesema mara nyingi, kila inapotoa tangazo, kwamba haitoi ajira wala haiahidi kumtafutia mtu ajira. Maneno hayo yapo kwenye tangazo, kwa Kiswahili kisicho na mafumbo. Kwa bahati mbaya ndiyo sentensi ambayo nyumbani hairudiwi.

Kinachorudiwa ni habari ya mtoto wa jirani aliyekwenda mwaka fulani na leo ni koplo, amejenga kwao, mabati yanang'aa. Huyo yupo, simkatai. Ila katika mtaa huohuo wapo pia wenzake wanne walioondoka naye na kurudi na begi la kijani na cheti cha JKT. Mmoja analinda duka la vifaa vya ujenzi usiku. Mwingine alijifunza uashi kambini, na leo ni fundi anayeitwa hadi Ipuli na Cheyo kujenga, wala haombi kazi kwa mtu. Hawa wawili walikaa kambi moja, wakala ugali na maharage ya sufuria moja. Tofauti yao ni kwamba yule fundi, kila kazi ya ujenzi ilipotokea kambini, alijipenyeza kwa mafundi akauliza maswali, wakati mwenzake alikuwa akihesabu miezi akisubiri usaili.

Kusubiri kwenyewe kuna hatari yake, na taifa zima liliiona mwaka 2021. Mwezi Aprili mwaka huo, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana 854 wa JKT wamesitishiwa mikataba na kurudishwa makwao. Walikuwa miongoni mwa vijana waliotumika katika kazi kubwa za ujenzi, ukiwamo ukuta wa Mirerani na Ikulu ya Chamwino, na kwa kazi hiyo waliahidiwa kuajiriwa. Ajira ilipochelewa wakagoma, wakataka kuandamana wakamwone Rais. Kwa raia wa kawaida hilo ni dai la haki yake; jeshini lilihesabiwa uasi. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe, na mimi ni mmoja wa waliofurahi. Lakini kijana mwenye bahasha ya kaki anapaswa kulitafakari tukio lile kwa makini. Siku unapovaa kombati, namna ya kudai inabadilika. Ahadi uliyopewa kwa mdomo huwezi kuidai kwa kuandamana.

Na hapo ndipo Tabora ina cha kusema kuliko mji mwingine wowote wa nchi hii, kwa sababu suala la masharti ya askari lilishawahi kulipuka hapa hapa.

Mji huu umekusanya vijana wa vita kwa muda mrefu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe iligawanyika, nyingine kwenda Ujiji, nyingine kwenda kaskazini. Kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa hajabeba mzigo kwenda pwani alikuwa bado hajahesabiwa mtu mzima. Mtemi Mirambo alipoinuka Urambo aliwakusanya vijana wa aina hiyohiyo, pamoja na mateka na watoro wa misafara, akawafanya rugaruga, yaani askari wake. Mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji. Mwezi Agosti mwaka huo vijana wake waliingia hadi Tabora, wakachoma na kupora, na Henry Stanley, aliyekuwa Kwihara akitafuta namna ya kumfikia Livingstone, akalazimika kuzunguka kusini. Rugaruga hawakuwa na mshahara wa mwezi. Malipo yao yalikuwa nyara, na jeshi linalolipwa kwa nyara linahitaji vita visiishe. Mirambo alipofariki Desemba 1884, dola yake haikudumu. Zikabaki simulizi, na kambi ya Tabora yenye jina lake.

Wajerumani nao walichukua askari wao. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipoona ngome yake imevunjwa Januari 1893 alijilipua na baruti asishikwe, na miongoni mwa walioivunja ngome ile walikuwamo askari Waafrika waliokuwa wakilipwa kwa rupia. Tarehe 19 Septemba 1916 mji ukaangukia mikononi mwa Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur, ambaye jeshi lake lilijaa vijana wa Kongo. Waliopigana pande zote mbili, na waliobeba mizigo ya pande zote mbili hadi wakafa kwa kuhara na njaa, walikuwa watu wa Afrika. Wengi wa wapagazi wale hawakuulizwa kama wanataka.

Katika Vita vya Pili vya Dunia watu wa Tanganyika waliotumikia walizidi 80,000. Walikwenda Abisinia, Madagaska na Burma. Kambi ya jeshi ya Tabora ya enzi za ukoloni ikapewa jina la Kalewa, mji wa Burma ulio kando ya mto Chindwin, ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana mwishoni mwa 1944. Ndani ya kambi hiyo, baada ya Uhuru, kikakaa kikosi cha pili cha Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati ule.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 kikosi cha kwanza kiliasi huko Colito, Dar es Salaam. Siku iliyofuata kikafuata cha Tabora. Madai yao yalikuwa mawili: mshahara uongezwe, na maofisa Waingereza waondoke, nafasi zao zishikwe na Waafrika. Uhuru ulikuwa umetimiza miaka miwili na zaidi kidogo, lakini ndani ya kambi amri ilikuwa bado ya Mwingereza na posho ilikuwa bado ya kikoloni. Hapa Tabora maofisa wale wa kigeni walikamatwa na kuondolewa, na askari wakamweka mbele yao Mwafrika, Kapteni Mrisho Sarakikya. Ilikuwa hali ya hatari sana. Askari wenye bunduki na hasira, mji wenye maduka na familia, na serikali changa isiyo na jeshi jingine la kuituma. Sarakikya alifanya kazi ya kuwatuliza. Tarehe 25 Januari makomando wa Uingereza, walioombwa na Mwalimu Nyerere kwa uchungu mkubwa, waliivamia Colito kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, na Tabora nako askari wakanyang'anywa silaha bila mapigano.

Mwalimu alilivunja jeshi lile lote. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likijengwa na vijana wa TANU Youth League na wa JKT, na yule yule Sarakikya wa Tabora akawa Mkuu wa Majeshi wa kwanza, cheo alichokishika hadi 1974.

Nimelikalia tukio hili kwa sababu linafundisha pande mbili, na mara nyingi tunafundishwa upande mmoja. Upande tuliozoea ni kwamba askari haasi, na ni kweli. Nchi ambayo askari wake hudai mshahara kwa mtutu haina raia huru, tazama majirani zetu walivyoteseka kwa miaka. Upande wa pili ni kwamba wale askari wa Kalewa walikuwa wameingia kwenye mkataba ambao masharti yake hayakuwekwa wazi wala hayakurekebishwa nchi ilipobadilika. Mwalimu mwenyewe alilielewa hilo, ndiyo maana hakurudisha jeshi la zamani na sura mpya. Alijenga lingine, lenye asili nyingine na maofisa wengine.

Miaka miwili baadaye masharti yakazua mgogoro tena, safari hii kwa wasomi. Serikali ilipotaka wahitimu watumikie JKT kwa lazima miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakiwa kazini kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana tarehe 22 Oktoba 1966. Mwalimu aliwarudisha makwao 393. Aliwakasirikia kwa kujiona wana haki ya kula kuliko mkulima aliyewasomesha, na siku ileile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wanakumbuka hasira yake na kusahau hiyo sehemu ya pili. Kiongozi aliyetaka vijana wajinyime alianza na mfuko wake. Kila anayewahutubia vijana wa leo juu ya uzalendo ningependa aanzie hapo.

Sasa tuseme kijana wetu amepita malango yote. Amechaguliwa, amekula kiapo. Maisha gani yanamngoja?

Kwanza kuna yale mazuri, na si madogo. Mshahara wa serikali unaoingia kwa tarehe. Matibabu. Pensheni. Kusoma, kwa aliye na kichwa cha kusoma, maana jeshi lina madaktari, wahandisi, marubani, wapiga muziki na walimu. Heshima mtaani. Na kuna jambo ambalo halipimwi kwa fedha: kuishi na Mmasai, Mmakonde, Mpemba na Mhaya katika bweni moja mpaka kabila la mtu linabaki kuwa utani tu. Tanzania ina umoja kwa sababu nyingi, na kambi za jeshi ni mojawapo.

Kisha kuna anavyoviacha. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Anabaki na kura yake tu. Anapangiwa kituo, hachagui. Akiugua baba yake Kanyenye naye yuko Mtwara mpakani, ruhusa inaombwa na inaweza isitoke. Kuoa au kuolewa kuna utaratibu wake. Akikosa, kuna mahakama ya kijeshi, na kutoroka ni kosa la jinai, hakuna kuacha kazi kwa kutokwenda kesho. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Na kuna kufa. Naandika neno hili wazi kwa sababu katika foleni ya steshenari halitajwi kabisa, kana kwamba kulitaja ni kumwombea mtoto mabaya. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, kambi yao ilishambuliwa usiku kwa saa nyingi na Watanzania 15 wakapoteza maisha, na majeruhi walikuwa wengi zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, mapigano ya Goma na Sake yalipopamba moto, JWTZ ilitangaza vifo vya askari wengine wawili. Hawa hawakuwa wanavamia nchi ya mtu. Walikuwa wamesimama kati ya raia na watu wenye silaha, na naamini kazi hiyo ni ya heshima kuliko kazi nyingi tunazozifanya tukiwa tumekaa. Lakini kila mmoja wao alitoka katika nyumba fulani, na katika baadhi ya nyumba hizo kulikuwa na mama aliyeshika bahasha siku moja akisubiri kopi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nautoa bila kuzungukazunguka.

Usijiunge na JKT ya kujitolea kwa hesabu ya ajira peke yake. Jiulize swali moja kabla hujatia saini: kama mwisho wa miaka miwili hakuna chombo kitakachonichagua, je, miaka hiyo itakuwa imenifaa? Kama jibu ni ndiyo, kwa sababu utatoka na ufundi, afya, nidhamu na marafiki wa nchi nzima, nenda, na nenda kwa moyo wote. Kama jibu ni hapana, kaa. Miaka miwili ya umri wa 19 hadi 21 ni mtaji. VETA Tabora inafundisha fundi kwa muda huohuo au pungufu. Asali ya misitu yetu bado inaondoka kwa madumu ikiwa haijachakatwa. Tumbaku ina shida zake, lakini alizeti na karanga zina soko. Sisemi mambo haya ni rahisi. Nasema yapo, na yapimwe pamoja na jeshi kwenye mizani moja, badala ya jeshi kusubiri mwisho kama pa kukimbilia.

Usijiunge na JWTZ kama hukubali kupelekwa usikokutaka na kutii usiyempenda. Mtu mwenye kipaji cha kubishana ana nafasi yake katika taifa hili, lakini jeshini atajitesa na kuwatesa wenzake. Na ukiwa unaingia kwa sababu unaamini mipaka hii inastahili kulindwa na mtu kama wewe, usiruhusu yeyote akucheke kwamba umekosa kazi nyingine. Nchi iliyoingia vitani Kagera mwaka 1978 na kufika Kampala Aprili 1979 iliokolewa na watu wa namna hiyo, wakiwamo maelfu ya wanamgambo waliokuwa wakulima wiki chache kabla.

Wazazi nao nina neno kwao. Uamuzi huu ni wa kijana. Mpeni habari, mpeni dua, lakini msijibu kwa niaba yake anapoulizwa. Mabinti waulizwe vilevile, maana wapo wengi wanaotaka na wanazuiwa kwa maneno ya majirani, na wapo wanaosukumwa ili nyumba ipunguze mlaji. Na kwa watendaji wa mitaa na kata: tangazo likija, libandikwe lote. Ile sentensi inayosema JKT haitoi ajira isomwe kwa sauti mkutanoni, kabla ya kugonga muhuri wa barua hata moja.

La mwisho linahusu fedha. Kila msimu wa usaili hujitokeza watu wanaosema wana ndugu makao makuu, na kila msimu kuna familia inayouza ng'ombe au kipande cha shamba kumpa mtu huyo. Jeshi limeonya juu ya matapeli hawa mara nyingi. Kuomba nafasi JKT au JWTZ ni bure tangu fomu hadi usaili. Atakayekuomba shilingi, awe na sare au asiwe nayo, piga simu TAKUKURU namba 113. Simu hiyo nayo ni bure.